Gitaa Lisilovuliwa Nyuzi Zote

Kwanza mjue kwamba fundi hakukosea kazi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaa ule wana midomo, na wengi wao hawajawahi kushika hata bisibisi, lakini leo ukiwauliza, kila mmoja atakueleza yeye angefanya vipi. Fundi alifanya kazi kama inavyotakiwa kufanywa. Tatizo lake ni kwamba alifanya ile anayoijua, akaacha ile aliyoagizwa.

Alikuwa fundi wa magitaa, na watu walimwita Sikio, maana ungeweza kumpigia uzi mmoja akiwa amekupa mgongo, mdomo umejaa chakula, na bado angekwambia umelegea kiasi gani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu ili magitaa yasichubuke, dirisha moja la barabarani, na mlango wenye pazia wa kuingilia sebuleni. Chini ya meza ile ndiko alikoshinda binti yake wa pekee, mtoto ambaye hata shule alikuwa hajaanza, nao walimwita Chiriku. Jina hilo halikuwa la bure. Yule mtoto aliongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkatize katikati ya neno. Aliongea na bisibisi, aliongea na viatu vya wateja. Mama yake alizoea kusema, siku huyu akinyamaza nitaita majirani. Alikuwa anatania tu, masikini.

Gitaa lenyewe lililetwa na mjane mmoja asubuhi ya kawaida kabisa. Mama wa makamo, kitambaa shingoni, na sauti yake yote ilikuwa mnong'ono. Hakuwa na siri ya kuficha, ndiyo sauti aliyobaki nayo. Alieleza kwamba mumewe alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hotelini, kwamba amefariki, na kwamba gitaa limening'inia ukutani tangu msiba mpaka nyuzi zimeota kutu. Hataki kuliuza wala kulipiga. Anataka tu livalishwe nyuzi mpya kabla za zamani hazijakatika zenyewe. Fundi akamwambia hiyo kazi ndogo, mama, usiwe na wasiwasi. Lakini mjane hakuondoka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi, amezibana zisilie.

"Badilisha mmoja mmoja, mwanangu," alinong'ona. "Toa mmoja, weka mmoja. Marehemu hakuwa analiacha uchi."

Fundi aliitikia kwa adabu, na moyoni akatabasamu. Ushauri ule aliujua, na sababu yake aliijua. Gitaa lile la umeme lilikuwa la daraja linaloelea. Daraja ndicho kile chuma cha tumboni mwa gitaa ambako nyuzi zinaanzia. Kwa mbele nyuzi sita zinalivuta kwenda kichwani, kwa nyuma, ndani ya mwili wa mbao, springi zinalivuta kurudi, nalo linabaki katikati kama mtu aliyeshikwa mikono na wagomvi wawili. Ukitoa nyuzi zote kwa mpigo, springi zinashinda, daraja linazama, na kulirudisha mahali pake ni mateso matupu. Ndiyo maana wapigaji wengi hubadilisha mmoja mmoja. Fundi Sikio hakuwa na haja hiyo, kwa sababu yeye alikuwa na kabari. Alichonga kipande cha mbao laini, akakichomeka nyuma ya daraja, daraja likatulia kama limejengewa. Hapo mtu anaweza kuvua nyuzi zote, akasugua ubao wa shingo ulioshika jasho la miaka, akakaza vigingi vya kichwani vilivyoanza kucheza, akatia mafuta kidogo. Hiyo ndiyo kazi safi. Akaona mjane anasema ya kuambiwa tu, hajui maana yake.

Asiyesikia la mkuu, jamani. Mnalimalizia wenyewe.

Watu hudhani majini yanasubiri giza. Hili la gitaa halikusubiri. Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini, redio za jirani zinagombana, na mkewe fundi yuko jikoni anapakua. Fundi alianza na uzi mnene, akaulegeza mpaka ukaning'inia, akaukata kwa koleo, akautupa kwenye kopo. Akaja wa pili, na wa tatu. Chini ya meza Chiriku alikuwa anaeleza mkasa mrefu wa paka aliyemwona juu ya ukuta, paka huyo ana ndugu, na ndugu yake hapendi maziwa. Fundi alikuwa anaitikia mm, mm, bila kusikiliza. Alipofika uzi wa sita, mwembamba kuliko yote, aliugusa kwa kidole ukalia, akaulegeza, akaukata, akautoa.

Uzi alikuwa nao mkononi. Sauti iliendelea.

Ilikuwa sauti ileile aliyoigusa, nyembamba, imenyooka, na haikufifia kama zinavyofifia sauti zote za dunia hii. Gitaa halikuwa limechomekwa kwenye umeme. Amplifaya ilikuwa imezimwa, waya wake umezungushwa juu ya msumari. Fundi aliinamisha kichwa kutafuta inakotoka, akasikia ndani ya mbao springi zikilia taratibu, kama kitanda mtu anapoinuka, wakati kabari iko palepale na daraja halikusogea hata unywele. Kisha ikaja harufu ya chuma kilichoshikwa na mikono mingi yenye jasho, nzito, ya kukaba. Ikapita karibu na uso wake, ikashuka. Na sauti ikakatika.

Chini ya meza mkasa wa paka nao ulikuwa umekatika, katikati ya neno.

Alipochungulia alimkuta mtoto amekaa vilevile, miguu ameinyoosha, anatazama mbele. Akamwita. Mtoto akageuka, akamtazama baba yake vizuri tu, lakini hakujibu. Fundi akajiambia ni njaa.

Mezani siku ile mama yake aliona ni mzaha. Akamtekenya, akamtishia kumnyima matunda, akamwambia mumewe labda mtoto ameanza kukua. Chiriku alikula kila alichopewa, akanawa, akakaa. Ule ukimya uliwashinda. Walikuwa hawajawahi kujua kwamba friji yao inanguruma, wala kwamba mlango wa chooni una mlio, kwa sababu siku zote kulikuwa na mtu anaongea juu ya mambo hayo yote. Wakalala mapema, kila mmoja akijifanya hana la kusema.

Kesho yake asubuhi mama alimkalisha mtoto kwenye kigoda amchane nywele. Fundi alikuwa karakanani anasugua ubao wa shingo, maana kazi ni kazi. Akasikia ile sauti imerudi. Safari hii ilikuwa sebuleni, nyembamba, imenyooka, chini kidogo ya ilivyokuwa jana. Akafunua pazia, akamkuta mkewe amesimama na kitana hewani na uso umemparara, na Chiriku amekaa ametulia, midomo imefumbwa, na ile sauti inamtoka kooni, mfululizo, haikatiki, haipandi wala haishuki, na katika kabati vikombe vilikuwa vinatetemeka kwa kuitikia, na vijiko kwenye sahani, na kioo cha dirisha, mpaka meno ya fundi mwenyewe yakaanza kuwasha mdomoni.

"Hapumui," mkewe alisema kwa sauti ya chini sana. "Baba Chiriku, nimemwekea mkono puani. Hapumui."

Walimbeba mbio mpaka hospitali, na njiani ile sauti ikaacha yenyewe. Daktari alimulika koo, akasikiliza kifua, akampa mtoto peremende, akasema koo ni safi na mapafu ni mazuri, na kwamba watoto wengine hupatwa na mshtuko wakanyamaza kwa muda. Akauliza kama kuna kitu kimemtisha. Fundi alisema hapana. Mkewe alimtazama, akangoja mpaka walipofika nyumbani. Hapo akamuuliza kuna nini, na fundi akamweleza yote, tangu mjane na onyo lake mpaka uzi wa sita. Mama Chiriku hakumfokea. Ingekuwa afadhali angefoka. Alimwambia tu, "Nenda kwa mwenye gitaa. Nenda sasa hivi, na usirudi bila neno."

Kilichomtia fundi hofu kuliko yote hakumweleza hata mkewe. Kwa sikio lake lile alikuwa ametambua kwamba sauti ile iliporudi, ilirudi chini zaidi. Na iliposhuka, macho ya mtoto yalififia. Uzi ukilegezwa vile, mwisho wake haulii tena.

Mjane alimfungulia mlango, akamwona uso, naye akakaa chini palepale kizingitini. Alifungua kitambaa cha shingoni, akamwonyesha koo lililo zima kabisa, halina kovu wala alama, kisha akamsimulia kwa ule mnong'ono wake. Mumewe alilinunua gitaa kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuliondoa. Mara moja tu, akiwa kijana na mwenye kujiona, alilivua nyuzi zote alisafishe. Aliyekuwa karibu siku hiyo alikuwa mkewe, naye anaimba wakati huo, anaimba mpaka watu wanasimama barabarani kumsikiliza. Jini lile halitaki mwili, alisema, linataka koo. Limezoea kukaa penye mvuto, kati ya nyuzi na springi, na likivuliwa hapo linaingia palipo karibu penye nyuzi za sauti. Walilirudisha, lakini walichelewa. Lilikuwa limeshashuka sana, na lilipotoka liliondoka na sauti yake, likamwachia huu upepo.

"Kwa huyo wa kwako limeshuka kiasi gani?" akauliza.

Fundi alijaribu kumwimbia ile sauti ya mwisho aliyoisikia. Mjane alifumba macho akasikiliza, akasimama kutafuta viatu vyake.

Walilifanya mchana uleule. Mjane hakuleta ubani wala dawa, hakuchora kitu sakafuni, na fundi, ambaye alikuwa ametegemea angalau dua ndefu, alizidi kuogopa kwa kuona kwamba kinachotakiwa ni kazi yake tu. Dirisha likafungwa. Mama Chiriku alikaa kwenye kiti na mtoto mapajani. Gitaa likalazwa juu ya blanketi, shingo imeegemezwa kwenye mto mdogo, na nyuzi sita mpya zikapangwa kwa unene. Mjane akasimama nyuma yake, akamweleza sharti moja, akalirudia mara mbili ili lisipotee.

"Likiimba, kaza. Lenyewe halipumui, utalijua. Lakini mtoto akivuta pumzi, ni yeye huyo amekuja juu, acha mkono papo hapo, hata kama uzi haujafika. Uzi unavuta chochote kilichoko kooni saa hiyo. Haubagui."

Wakasubiri. Sauti ikaanza, chini, nzito, karibu inguruma, na uso wa Chiriku ukalegea. Fundi akapitisha uzi mnene kwenye daraja, akauvuta mpaka kichwani, akaupenyeza kwenye tundu la kigingi, akaacha nafasi ya kuzunguka kama anavyoacha siku zote, akaanza kukaza, mzunguko chini ya mzunguko, usipandane. Uzi ukapanda. Na ile sauti kooni mwa mtoto, ajabu, ikaanza kuufuata, ikajipinda kuuelekea, zikakaribiana, zikagongana kwa ule mtikisiko unaosikika sauti mbili zinapokaribia kuwa moja, kisha zikawa moja. Mama Chiriku alianza kulia bila sauti. Mjane akagusa bega la fundi, endelea.

Wa pili ukaingia, na wa tatu. Mara mbili mtoto alivuta pumzi, kifua kikajaa, na fundi akaachia kigingi kama kimemuunguza, wakasubiri mpaka liimbe tena. Wa nne, wa tano. Jasho lilimtoka fundi mpaka likadondokea kwenye mbao. Harufu ya chuma ilikuwa imejaa chumba, na vikombe sebuleni vilikuwa vinalia, na kwenye kona magitaa mengine ya wateja, yaliyokuwa yamesimama yakisubiri zamu zao, yalikuwa yanaitikia yote kwa pamoja, kila moja kwa uzi wake unaofanana.

Ukabaki uzi mwembamba, na kabari. Mjane alisema kabari lazima itoke sasa, kwa sababu jini halikai kwenye mbao, linakaa kwenye mvuto, na bila springi kuvuta hakuna mvuto. Fundi alijua maana ya neno hilo kuliko yeye. Katika gitaa la namna ile ukigusa kimoja umegusa vyote. Aliichomoa kabari, na palepale springi zikavuta, daraja likalala nyuma, nyuzi tano zikakazika kwa mpigo mmoja, na mtoto akajinyoosha mapajani mwa mama yake akawa kama ubao, na ile sauti ikawa tano, sauti tano katika koo moja la mtoto ambaye hata meno hayajamtoka yote, zinapiga kelele pamoja kwa midomo iliyofumbwa. Fundi akatupia uzi wa sita, akaupenyeza, akakaza, na kila ulipopanda huu, daraja liliinuka na zile tano zikashuka, naye akazirudia zile tano, na huu ukalegea, akaurudia huu, akazunguka hivyo, kigingi baada ya kigingi, huku sikio lake limesimama mbele ya mambo yote, linapima, linapima, mpaka mwisho akaona zimekaa, tano zimekaa kabisa, na huu wa sita umebakisha kidogo, kidogo sana, nao unapanda, na ile sauti inaufuata, zinagongana, zinakaribia, zinakaribia.

Hapo Chiriku alivuta pumzi.

Fundi aliisikia. Nani angeisikia kama si yeye. Alisikia hewa ikipita kwenye meno yale madogo, akasikia mwanzo wa neno, ba, kwa sauti ya mwanawe mwenyewe. Lakini mkono wa fundi wa magitaa umefundishwa kitu kimoja kwa miaka yote, kwamba uzi unaopanda hauachwi njiani, unapelekwa mpaka ufike, maana ukiuachia chini ya noti yake utateleza na kazi yote itarudi mwanzo. Mkono haukuuliza. Uligeuza kile kipande kidogo kilichobaki, uzi ukafika, na kila kitu chumbani kikanyamaza.

Vikombe vilitulia. Harufu ikaondoka kama mlango umefunguliwa. Chiriku alikuwa amelegea mapajani mwa mama yake, macho yamefungwa, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha akayafungua.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Sitawaeleza kilio cha mama yule. Alimkumbatia mtoto, akamkumbatia mjane, akampiga mumewe mgongoni kwa ngumi huku anacheka. Mjane alisikiliza kidogo, kichwa ameinamisha upande, akamuuliza fundi kama aliacha mkono kila mara. Fundi akasema ndiyo, kila mara. Mjane akafunga kitambaa chake shingoni. Gitaa hakulichukua. Alisema aliyelifungua ndiye atakayelichunga, na kwamba anashukuru kuutua mzigo, akaenda zake.

Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Chiriku aliongea asubuhi, aliongea mchana, na majirani wakaja kupongeza. Mama yake alimsifu kwa kila mtu, maana mtoto alikuwa amerudi na adabu juu yake: akiitwa anakuja, akiambiwa lala analala, akipewa chakula anasema asante. Fundi alimpenda, alimbeba, alimnunulia viatu. Kila alipombeba alikuwa anasikiliza. Mkewe alitania kwamba huyu sasa anaongea hata bila kupumzika, na fundi akacheka pamoja naye, kwa sababu ni kweli, mtoto angeweza kuanza habari ya mwanasesere wake akaifikisha mwisho, akaunganisha nyingine na nyingine, na katika hizo zote fundi hakusikia mahali popote hewa ikiingia. Tena hakuuliza kitu. Chiriku wa zamani alikuwa anakuchosha kwa kwa nini. Huyu alikuwa anaeleza tu.

Akajiambia ni woga uliobaki. Akajiambia hivyo mara nyingi.

Nyuzi mpya hunyooka zinapozoea, kila fundi anajua, na baada ya siku kadhaa lazima ziguswe tena. Fundi aliahirisha mpaka asiweze kuahirisha. Siku hiyo alifunga dirisha, akalilaza gitaa juu ya blanketi, na kwa kuwa hakutaka kuwasha amplifaya, alifanya wanavyofanya mafundi wote, akaweka sikio juu ya mbao. Akagusa uzi mwembamba. Ulikuwa umelegea kidogo. Ndani kabisa, nyuma ya sauti ya uzi, palipo na springi, palikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya mtu aliyekuwa anaongea peke yake muda mrefu bila kujibiwa na amesikia hatua za mtu.

"Baba? Kwa nini huku kumebana? Baba, kwa nini hunijibu?"

Mkono wake ulikwenda kwenye kigingi kabla hajafikiri. Akaulegeza kidogo ule uzi ampe nafasi. Na daraja, bila uzi huo kulishika, likalala nyuma, na zile tano nyingine zikakazika, na ndani ya mbao mtoto alipiga yowe ambalo lilimwingia fundi sikioni, likashuka mpaka miguuni. Akakaza haraka, akalirudisha lilipokuwa. Ndani kukabaki kwikwi. Akaibusu ile mbao, akamwambia mtoto nyamaza mama, baba yupo, baba anafikiri, na machozi yake yakawa yanaingia kwenye skrubu za daraja, na alikuwa anafikiri kweli, alikuwa anafikiri kwamba kuna njia, mtu anaweza kuchomeka kabari, akalegeza taratibu, akamweka yule mwingine karibu, mtoto akarudi kooni mwake, kisha akakaza tena jini likiimba.

Alipoinua kichwa, pazia lilikuwa limefunguliwa. Chiriku alisimama pale na viatu vyake vipya. Mkononi alishika koleo la kukatia nyuzi, ambalo fundi siku zote aliliweka juu kabisa, mtoto asifikie. Alitembea mpaka mezani, akaupenyeza mdomo wa koleo chini ya nyuzi zote sita, taratibu, kama aliyefundishwa.

"Ukimwambia mama nazikata," alisema. "Koo lake safari hii lina mwenyewe. Atapotea hewani."

Fundi alitazama ile mikono midogo, kucha ambazo alizikata yeye mwenyewe juzi, akatazama nyuzi zilivyobonyea juu ya chuma, na akasikia ndani ya mbao kwikwi zimekoma, mtoto amenyamaza ili asikilize baba yake atasema nini.

Kutoka jikoni mama aliwaita chakula kiko tayari, kinapoa. Chiriku aliweka koleo mfukoni mwa gauni lake, akampa baba yake mkono. Fundi akaupokea, wakaenda kula.